Zana zisizovuma za kuunda apu, na kwa nini zinaifaa Lambwe kuliko zile za YouTube

Ukiingia YouTube kutafuta jinsi ya kuunda apu bila kujua kuandika msimbo, utaletewa majina yale yale: Bubble, Glide, Adalo, FlutterFlow. Jamaa mwenye maikrofoni kubwa atakuonyesha alivyounda apu ya kuagiza chakula kwa saa mbili tu, kompyuta mbili mezani, intaneti haikatiki. Video ikiisha unajiambia, hii hata mimi naweza.

Na kweli unaweza. Shida inaanza ukiipeleka hiyo apu Lambwe.

Bonde la Lambwe, katika Kaunti ya Homa Bay, limebanwa kati ya milima ya Gwassi na mwinuko wa Kaniamwia. Ndani yake mna Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kilomita mraba 120 za nyasi na migunga, na kuizunguka ni mashamba, vijiji na masoko kama Nyatoto. Huku mtandao huja na kwenda kutegemea umesimama upande gani wa kilima. Bando hununuliwa la siku, wakati mwingine la saa. Simu nyingi ni zile za bei ya chini ambazo nafasi yote imemezwa na video za WhatsApp. Na ukikiambia kikundi cha vijana kwamba apu yao itakuwa ikikatwa dola kila mwezi kwenye kadi ya benki, watakuuliza: kadi gani?

Apu iliyoundwa kwa Bubble kwa kawaida huwa ni tovuti. Mtandao ukipotea, nayo imepotea. Glide ni hivyo hivyo. Hazina ubaya wowote, ila ziliundiwa watu ambao intaneti kwao ni kama maji ya mfereji. (Mfereji wa wenzetu, si ule wetu wa Jumanne na Ijumaa.)

Kuna zana nyingine ambazo hazina jamaa wa maikrofoni. Ukiuliza vijana kumi wanaosomea kompyuta, huenda wawili tu ndio wamewahi kuzisikia. Lakini nyingi kati yake zilizaliwa au kukomaa mahali panapofanana na Lambwe: kaskazini mwa Uganda, vijiji vya upande wa Eldoret, jangwa la Kalahari. Waliozitumia mwanzo walikuwa na barabara mbovu, betri inayokaribia kuisha na mtandao wa kubahatisha, kwa hivyo zikajengwa kuvumilia hayo yote.

Na ikiwa una wasiwasi kuhusu msimbo, tulia. Vijana wa mjini husema "kukodi" wakimaanisha kuandika msimbo wa kompyuta, neno ambalo ukimtajia nyanya yako atadhani unatafuta nyumba ya kupanga. Zana hizi hazitaki ukodi chochote, kwa maana zote mbili.

Jina la nyumbani

Ya kwanza ni KoboToolbox. Watafiti wawili, Phuong Pham na Patrick Vinck, walikuwa wakihoji maelfu ya watu kaskazini mwa Uganda kuhusu vita vya Lord's Resistance Army na jinsi ya kupata amani. Ukihoji watu wengi hivyo kwa karatasi, unarudi na magunia ya majibu, na kuna mtu atakayekaa miezi akiyaingiza kwenye kompyuta, akikosea hapa na pale. Katika kazi hiyo wakatengeneza njia ya kujaza fomu kwenye kifaa cha mkononi na kuituma baadaye.

Jina walilitoa katika Kiacholi, ambako "kobo" ni kuhamisha. Kiacholi na Dholuo ni lugha ndugu. Kwa hivyo zana hii, ambayo leo mashirika ya misaada yanaitumia penye vita, mafuriko na njaa kote duniani, ina jina ambalo mtu wa Homa Bay halioni kama la mgeni.

Kobo yenyewe imesimama juu ya mabega ya mwenzake aitwaye ODK, kifupi cha Open Data Kit. ODK ilianza 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, mikononi mwa profesa Gaetano Borriello na wanafunzi wake, mmoja wao akiwa Yaw Anokwa, mzaliwa wa Ghana. Mojawapo ya mahali pa kwanza kuitumia kwa kazi kubwa palikuwa hapa hapa Kenya. AMPATH, mpango wa afya ulio na makao Eldoret, uliwapa wahudumu wake simu za Android wakaenda nyumba kwa nyumba kutoa ushauri na kupima virusi vya HIV. Wakati huo simu ya Android ilikuwa kitu kipya hata Nairobi.

Kama unaona haya ni mambo ya mbali, mwangalie mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini kwenu. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahamasishaji 100,000 vifaa vya kazi pamoja na simu. Mfumo ulio kwenye simu hizo, eCHIS, umejengwa juu ya Community Health Toolkit, na fomu zake hufuata kanuni ile ile iliyokua pamoja na ODK. Kwa lugha nyepesi, maswali anayomuuliza mama mjamzito aliyeketi chini ya mwembe hutungwa kwanza kwenye jedwali la kawaida, kama lile la Excel mlilofundishwa chuoni mkidhani ni la wahasibu.

Hapo ndipo penye siri. Fomu ya namna hii ni jedwali la safu tatu za lazima. Safu ya kwanza inasema swali ni la aina gani: maandishi, nambari, tarehe, kuchagua jibu moja, picha, au mahali ulipo. Ya pili ni jina fupi la swali ambalo kompyuta italitumia. Ya tatu ni swali lenyewe jinsi mtu atakavyolisoma. Ukitaka swali litokee kwa Kiswahili na kwa Dholuo, unaongeza safu moja ya lugha. Ukitaka swali la "ni dawa gani?" lijifiche mpaka mtu ajibu kwamba ng'ombe alidungwa sindano, unaongeza safu nyingine yenye sharti hilo. Na ikiwa hata jedwali linakutisha, Kobo ina ukurasa wa kuburuta maswali kwa kidole, kama kupanga karata.

Ukimaliza, unapakua KoboCollect kwenye simu ya Android, unaiunganisha na akaunti yako, fomu inaingia. Kuanzia hapo zima data. Jaza fomu 50 ukiwa bondeni, siku tatu mfululizo. Ukifika sokoni penye mtandao, zote zinaondoka mara moja, na kwenye kompyuta zinajipanga zenyewe kama jedwali na kama alama kwenye ramani.

Daftari la ng'ombe

Tuseme wewe na wenzako sita mko karibu na Ruma na mnafanya kazi ya kunyunyizia mifugo dawa. Mna pampu mbili za mgongoni, mna daftari la kurasa 200, na mna mwenzenu mmoja mwenye mwandiko mzuri. Hii si kazi ndogo katika bonde hili. Ni kazi yenye historia.

Lambwe ilijulikana kwa mbung'o, yule nzi ambaye kwa Dholuo huitwa maugo, kabla ya kujulikana kwa mbuga. Mbung'o huwapa watu ugonjwa wa malale na kuwapa ng'ombe nagana, na kwa miaka mingi ndiye aliyeamua nani akae wapi bondeni. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale ilizuka tena hapa, na serikali ikalazimika kunyunyizia vichaka dawa kutoka angani. Baadaye ikaja mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, rangi ambazo mbung'o hazipiti hivi hivi. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeitokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwetu alionekana 2009.

Cheti hicho ni cha binadamu. Ng'ombe hakupewa. Nagana bado ni gharama kwa mfugaji: mnyama anakonda, maziwa yanakauka, mimba inatoka, mwishowe anauzwa kwa bei ya kutupa. Na ili malale isirudi, ni lazima watu waendelee kujua mbung'o wako wapi. Kwa hivyo lile daftari lenu la kunyunyizia lina thamani kuliko mnavyodhani. Linajua boma gani limetibu ng'ombe mara nne kwa miezi mitatu. Tatizo ni kwamba linajua kimyakimya, ukurasa wa 17 hauzungumzi na ukurasa wa 94.

Sasa chukueni maswali ya daftari hilo myaweke kwenye Kobo. Msianze na maswali mapya. Makosa ya wengi ni kufungua fomu na kutaka kuuliza kila kitu mpaka kiwango cha elimu cha mwenye boma, na mzee wa watu amesimama juani ameshika kamba ya fahali. Maswali manane yanatosha: tarehe, mwenye boma, ng'ombe wangapi wamenyunyiziwa, wangapi wanaonekana wagonjwa, wamedungwa sindano au la, ya dawa gani, amelipa kiasi gani, na mahali. Tarehe simu inaijaza yenyewe. Mahali pia.

Hilo la mahali huwashangaza watu wengi. GPS haihitaji bando wala laini. Simu husikiliza tu setilaiti zilizo juu, kama redio inavyosikiliza stesheni. Toka chini ya mti, simama mahali wazi, subiri, na fomu itakuonyesha usahihi ukipanda: mita 60, mita 25, mita 8. Ikifika chini ya mita 10, hifadhi. Mara ya kwanza baada ya simu kukaa imezimwa inaweza kuchukua dakika kadhaa, na hapo wengi hukata tamaa wakisema simu ni mbovu. Si mbovu. Inatafuta tu.

Baada ya miezi miwili, fungueni ramani. Kama alama za ng'ombe wagonjwa zimejazana upande mmoja, karibu na kijito fulani au ukingo fulani wa mbuga, mna jambo la kumwambia afisa wa mifugo ambalo hawezi kulijibu kwa "tutaangalia". Baraza la kitaifa la kupambana na mbung'o, KENTTEC, hufanya kazi katika eneo hili, na mitego huwekwa kwa kufuata ushahidi. Mnampelekea mtu ramani yenye tarehe na idadi. Ni tofauti sana na kumpelekea malalamiko.

Mambo mawili yatawauma msipoyajua mapema. La kwanza, fomu iliyojazwa bila mtandao iko ndani ya simu hiyo peke yake mpaka itumwe. Mwenzenu akifuta apu ili apate nafasi ya kupakua wimbo, kazi ya wiki imekwenda. La pili, tarehe ya simu. Simu za bei ya chini zikizimika betri hurudi nyuma, wakati mwingine miaka mingi, na mtajikuta na ng'ombe aliyenyunyiziwa kabla hamjazaliwa.

Vipicha badala ya maneno

Zana ya pili ni kongwe zaidi, na kwangu ndiyo yenye hadithi tamu zaidi. CyberTracker ilianzishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na Louis Liebenberg, mtu aliyekaa na wasasi wa Kisan wa Kalahari akijifunza kusoma nyayo. Wasasi hao waliweza kutazama alama mchangani wakakwambia ni mnyama gani, anakwenda wapi na alipita saa ngapi. Wengi wao hawakujua kusoma maandishi. Kwa hivyo Liebenberg na mtaalamu wa kompyuta Justin Steventon wakatengeneza programu ya vipicha: unagusa picha ya mnyama, kisha picha ya anachofanya, anakula, ananywa, amelala, na kifaa kinarekodi mahali.

CyberTracker ni ya bure, na kuunda apu yako ndani yake ni kupanga vipicha na kuamua kipi kinafuata kipi. Hakuna msimbo.

Kwa nini Lambwe? Kwa sababu Ruma ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, yule swala mkubwa mwenye uso wa rangi mbili na masikio marefu. Hifadhi ilianzishwa 1966 kwa jina la Lambwe Valley na kugeuzwa mbuga ya kitaifa 1983. Wanaojua mienendo ya wanyama nje ya ua ni wachungaji, na baadhi yao ni wazee ambao fomu ya maandishi haiwafai. Mpe mzee simu yenye picha ya fisi, nyati na nyani. Ataijaza haraka kukuliko.

Onyo moja, na hapa sitanii. Ruma ina vifaru na ina hao korongo wachache. Ukikusanya taarifa za mahali wanyama adimu walipoonekana, usiziweke kwenye ramani ya wazi wala usizitupe kwenye grupu ya WhatsApp. Mjangili naye ana simu. Taarifa za namna hiyo zinakwenda kwa maafisa wa KWS, basi.

Ukitaka apu yenye vitufe vyako

Kobo na CyberTracker ni za kukusanya taarifa. Kuna kijana anasema, sawa, lakini mimi nataka apu yangu, yenye nembo yangu na vitufe vyangu, inayopiga hesabu ya riba ya chama au inayomwonyesha mkulima picha za wadudu wa mahindi. Huyo aende MIT App Inventor.

App Inventor ilianzia Google 2010, ikiongozwa na Hal Abelson, profesa wa MIT. Google walipoiacha, MIT wakaichukua 2012 na mpaka leo ni bure. Upande mmoja wa skrini unapanga vitufe na picha. Upande mwingine unaunganisha vipande vya rangi vinavyoshikana kama mchezo wa kuunganisha picha: "kitufe hiki kikibonyezwa", "fanya hivi". Kipande kisichofaa hakishiki, kwa hivyo hata ukitaka kukosea, makosa mengine unazuiwa. Kama uliwahi kucheza na Scratch shuleni, uko nyumbani.

Utahitaji kompyuta na intaneti wakati wa kuunda. Saiba au maktaba inatosha. Lakini apu ikishamalizika unapata faili unalotumiana kwa Xender au Bluetooth kama wimbo, na likishawekwa kwenye simu linafanya kazi bila mtandao ikiwa taarifa zake umeziweka ndani ya simu.

Usidhani ni kitu cha watoto. Kisumu, ng'ambo tu ya ghuba, wasichana watano wa Kisumu Girls waliojiita The Restorers waliingia mashindano ya Technovation 2017 na i-Cut, apu ya kuwasaidia wasichana walio hatarini kukeketwa kuomba msaada. Katika mashindano hayo timu nyingi hutumia zana za vipande kama hizi. Walifika fainali Marekani, na 2019 wakawa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Wao walianza na tatizo walilolijua, kisha wakatafuta zana. Wengi wetu huanza na zana, halafu tunatafuta tatizo la kulibandika.

AppSheet naitaja kwa haraka. Google waliinunua 2020. Inageuza jedwali la Google Sheets kuwa apu, na hufanya kazi bila mtandao ikishasawazisha taarifa. Kwa kikundi kidogo kinachojaribu, hadi watu 10, hulipi. Mkizidi, malipo ni ya kila mwezi kwa kila mtumiaji, kwa dola, na tunarudi pale pale pa kadi gani.

Na zile mpya za akili unde, unazoziambia kwa maneno "niundie apu ya kuuza samaki" zikaunda? Zipo, na zinavutia. Zinakula bando kama moto wa kiangazi, na kitu kikiharibika utabaki unaitazama kazi ambayo hukuiunda na huielewi.

Mahali zana hizi zinapogota

Zote nilizotaja zinahitaji mtu mmoja awe na simu janja. Mfugaji mwenye kabambe haoni apu yako. Hilo si kasoro kubwa kama apu ni ya wale vijana saba wanaozunguka na pampu, maana mzee hahitaji kuigusa. Lakini kama mpango wako unategemea kila mwenye boma kupakua kitu, acha. Tumia ujumbe mfupi. Ushahidi, jukwaa lililoanzishwa na Wakenya Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, lilionyesha mapema kwamba ramani inaweza kujazwa na watu wenye simu za kawaida kabisa wakituma SMS. Bado lipo, na unaweza kufungua lako bila kuandika msimbo.

Pia kuna ndoto ya Play Store. Akaunti ya kuweka apu huko ni dola 25, kama Sh3,200, unalipa mara moja. Sawa. Ambalo huambiwi kwenye video ni kwamba kwa akaunti mpya za watu binafsi, Google hutaka kwanza watu 12 waijaribu apu yako kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuifungua kwa umma. Tafuta hao 12 kabla ya kulipa. Na jiulize kama unaihitaji Play Store kweli, kama watumiaji wako wote wanakaa kati ya Nyatoto na Magunga na mnaweza kutumiana faili mkikutana.

Kisha sheria. Ukiandika jina la mtu, nambari yake ya simu na boma lake lilipo, umeshika taarifa binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Kanuni za usajili huwasamehe kujisajili wadogo wenye mapato chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, ila kwa baadhi ya shughuli, zikiwemo za afya. Msamaha huo ni wa kujisajili tu. Ruhusa ya mwenye taarifa bado unaiomba. Fanya swali la kwanza la fomu liwe hilo: "Mzee, tunaweza kuandika haya na kuyaonyesha kwa afisa wa mifugo?" Akisema hapana, fomu ifungwe, na ng'ombe wake wanyunyiziwe vilevile.

Lililobaki ni nani anashika akaunti. Miradi mingi vijijini hufa siku yule kijana mmoja aliyejua kompyuta anapopata kazi Nairobi au anapohamia Migori, na nenosiri linaondoka naye. Fungueni barua pepe ya kikundi, siyo ya mtu. Nenosiri liandikwe kwenye karatasi, liwekwe na mwekahazina pamoja na kitabu cha benki. Kila mwisho wa mwezi pakueni jedwali lote, mlihifadhi kwenye barua pepe hiyo, na atakayepita Homa Bay mjini achapishe kurasa zake saiba. Daftari la zamani nalo lisiachwe mapema. Liendesheni sambamba na simu kwa msimu mmoja, mlinganishe hesabu za vyote viwili kila Jumamosi, na siku zikikataa kulingana, mtajua pa kuanzia kutafuta.